Tovuti ya mabasi ilipobadilishwa, nilivyozipata tena dakika zangu

Ukurasa wa zamani ulikuwa na jina la kituo, namba za mabasi na dakika zilizobaki, hayo tu. Ulifunguka hata mtandao ukiwa unasuasua. Nilikuwa nimeuhifadhi kwenye simu, nauangalia huku navaa viatu.

Kisha tovuti ikaundwa upya. Anwani niliyoihifadhi ikawa inanitupa kwenye ukurasa wa mbele: ramani inayojaza skrini, ombi la kutaka kujua nilipo, na kisanduku kinachoniuliza ninakwenda wapi. Ninakokwenda nakujua. Ninachotaka kujua ni kama nitoke sasa hivi au bado nina nafasi.

Hilo ningelivumilia. Kilichonikera hasa ni dakika zenyewe. Basi lenye kifaa cha GPS hutuma mahali lilipo kila baada ya muda mfupi, na mfumo hukadiria litafika saa ngapi. Kifaa kikizimika, mifumo mingi hurudi kwenye saa za ratiba. Ukurasa wa zamani ulitenganisha hayo mawili kwa maneno. Mpya uliyaandika sawasawa, tofauti ikiwa alama ndogo isiyoelezwa popote. "Dakika 3" za ratiba si basi linalokuja. Ni ahadi iliyoandikwa miezi iliyopita. Anayesubiri usiku peke yake ana haki ya kujua anasomewa kipi.

Nilianza kupata nafuu nilipofuatilia data hiyo inatoka wapi. Mashirika mengi ya usafiri hutoa taarifa zao kwa muundo uitwao GTFS, ulioanzia Portland, Oregon, mwaka 2005, kwa ushirikiano wa shirika la TriMet na Google. Sehemu ya muda halisi, yaani ya mwendo wa mabasi kwa sasa hivi, ilikuja mwaka 2011. Data ikiwa wazi, programu yoyote inaweza kuisoma, na tovuti ya shirika inabaki kuwa dirisha mojawapo tu. Programu ya OneBusAway, kwa mfano, ilianzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Nikatafuta programu inayosoma data ya mabasi yetu, nikaipata. Inafungukia kwenye kituo nilichokichagua, na dakika za ratiba inazionyesha kwa rangi tofauti.

Ila mama hataki programu mpya, na simu yake imejaa. Kwake ilibidi nirudi kwenye tovuti ileile. Hapo namba ya kituo ndiyo iliyotuokoa, ile iliyobandikwa kwenye nguzo ambayo watu hupita bila kuitazama. Ukiiandika kwenye kisanduku cha kutafutia badala ya jina la mtaa, unairuka ramani na kufika moja kwa moja kwenye ukurasa wa kituo. Tena anwani ya ukurasa huo inaishia na namba hiyohiyo. Niliuweka kwenye skrini ya mwanzo ya simu yake, nikakataa ombi la mahali alipo, nikachuja yabaki mabasi anayopanda tu. Sasa anagusa mara moja. Kwa vituo vingine tunabadilisha namba ya mwisho kwenye anwani.

Niliwaandikia pia wahusika, kwa sababu si kila abiria ana mtu wa kumtengenezea simu. Niliomba anwani za zamani zielekezwe kwenye kurasa mpya za vituo vilevile, ukurasa mwepesi usio na ramani urudi, na dakika za ratiba zitajwe kuwa ni za ratiba. Hilo la mwisho wamelifanya: neno "ratiba" sasa linaonekana kando ya dakika, na ninawashukuru kwa dhati. Kuhusu ukurasa mwepesi wamesema wanaufikiria. Kuhusu anwani za zamani hawajasema lolote, kwa hiyo nimewaandikia tena, safari hii nikiambatanisha orodha ya viungo vilivyokufa pamoja na namba za vituo vyake.