LGPL kwenye maktaba mpya ya msimbo: faili mbili, si moja

Maktaba ya msimbo, yaani msimbo ulioandikwa ili programu nyingine ziutumie, ikiwekwa hadharani bila leseni bado si huria. Hakimiliki huanza msimbo unapoandikwa, kwa hiyo anayeikuta mtandaoni anaweza kuisoma, lakini hana ruhusa ya kuibadilisha wala kuisambaza. Leseni ndiyo ruhusa yenyewe. Iingize kwenye repo (hazina ya msimbo wa mradi) tangu komiti ya kwanza, yaani mara ya kwanza unapohifadhi msimbo humo, kwa sababu watu wakishachangia, kila mmoja ana hakimiliki ya kipande chake, na kubadili leseni kutadai ridhaa ya wote.

Hakikisha pia kwamba msimbo ni wako. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, kazi iliyofanywa ndani ya ajira kwa kawaida huwa ya mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Ukiwa na shaka, omba idhini ya maandishi.

Kwa maktaba nyingi napendekeza LGPL, leseni huria ya GNU inayofaa maktaba, toleo la 3, la mwaka 2007. Programu isiyo huria inaruhusiwa kuitumia maktaba hiyo, ila anayeisambaza maktaba yenyewe akiwa ameibadilisha lazima atoe mabadiliko hayo kwa masharti huria. Wengi huteleza hapa: LGPL 3 haijitegemei. Ni ruhusa za nyongeza zilizowekwa juu ya GPL 3, leseni kali zaidi inayotaka kazi nzima yenye msimbo wake isambazwe kwa GPL, kwa hiyo zinatakiwa faili mbili: COPYING yenye matini ya GPL, na COPYING.LESSER yenye matini ya LGPL. Ukiweka hii ya pili peke yake, msomaji anaelekezwa kwenye masharti ambayo hayamo.

Zipakue gnu.org na usibadilishe hata neno. Mwishoni mwa GPL pana nafasi ya mwaka na jina. Huo ni mfano wa tangazo la kubandika kwenye msimbo wako, usiujaze mle ndani. Leseni ya MIT ndiyo hujazwa jina ndani ya matini yake, na mazoea hayo huwapotosha watu.

Kisha kila faili ya msimbo ianze na mistari miwili ya SPDX, mfumo sanifu wa kutaja hakimiliki na leseni:

# SPDX-FileCopyrightText: 2025 Jina Lako
# SPDX-License-Identifier: LGPL-3.0-or-later

Faili moja ikinyofolewa na kupelekwa mradi mwingine, masharti yake yanakwenda nayo. Usiandike "LGPL" tupu bila namba: kifungu cha 6 kinampa mpokeaji hiari ya kuchagua toleo lolote lililowahi kutolewa.

Angalia na ulichoazima. Msimbo wenye leseni huria ya Apache 2.0 unaweza kuingia kwenye maktaba ya LGPL 3. Kipande ulichonakili kutoka mradi wa GPL hakigeuki LGPL kwa kuhamishwa tu. Hapo maktaba nzima iende GPL, au ukiandike upya. Na programu iliyo chini ya GPL 2 pekee, bila "au la baadaye", haiwezi kuunganishwa na maktaba yako ikasambazwa.

Lugha nayo ina uzito. LGPL inataka mtumiaji aweze kuchomoa maktaba yako, kuweka toleo alilolirekebisha, na programu iendelee kufanya kazi. Kwa C yenye faili za .so, yaani maktaba zinazokaa nje ya programu na kupakiwa inapoendeshwa, ni rahisi. Rust na Go kwa kawaida huunganisha kila kitu ndani ya faili moja, na mwenye programu iliyofungwa atalazimika kutoa vipande vya kuiunganisha upya. Wengi wataikwepa maktaba yako. Kwa lugha hizo ningechagua MPL 2.0, leseni huria ya Mozilla, ambayo masharti yake huishia kwenye faili husika.

Mwisho, kagua kifurushi chenyewe, maana repo iliyo sawa si uthibitisho. Kwa npm, hifadhi ya vifurushi vya JavaScript, faili iitwayo LICENSE huingia yenyewe, lakini ukiwa umeweka orodha ya `files` kwenye package.json, zitaje humo COPYING na COPYING.LESSER ili uwe na uhakika. Endesha `npm pack --dry-run` usome orodha kabla ya kuchapisha: npm haipokei namba ileile ya toleo mara ya pili, na kifurushi kilichotoka bila leseni kitasahihishwa kwa toleo jipya tu.