Jinsi nilivyoifuatilia nasaba ya babu yetu Ombasha

Ukoo wetu wote, kuanzia waliobaki Ilala hadi waliohamia Mbagala, unatumia jina la Ombasha. Nilikua nikiliona kwenye cheti changu cha kuzaliwa bila kulitilia maanani, na ni katika hitma ya bibi tu nilipobaini kwamba hakuna miongoni mwetu aliyejua lilikotoka. Baba mdogo alishikilia kwamba baba yake babu alikuwa Msudani aliyeletwa na Wajerumani. Shangazi, ambaye kwa sasa ndiye mkubwa wetu, alisema mzee alitoka Tabora, kisha akanyamaza, kwa kuwa hapendi kubishana mbele ya wageni.

Nilianza kwa shangazi, nikaanza vibaya, kwa sababu nilimwuliza miaka. Nilipobadilisha swali na kumwomba anieleze babu alikuwa na umri gani mambo makubwa yalipotokea, alinijibu papo hapo kwamba alikuwa anatambaa Mwingereza alipoingia mjini. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, kwa hiyo babu alizaliwa mwishoni mwa 1915 au mwanzoni mwa 1916, na baba yake alikuwa tayari mtu mzima wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jina lenyewe lilinifumbukia nilipokuwa nikisoma habari za jeshi la Wajerumani. Hermann von Wissmann alipounda kikosi chake mwaka 1889, aliajiri mjini Cairo Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, nao wakaja na vyeo vyao vya Kituruki: ombasha, shaushi, sol, efendi. Ombasha ni onbaşı, yaani mkuu wa watu kumi. Kumbe kwa vizazi vinne tumekuwa tukijiita akina Koplo! Nilipomweleza shangazi alicheka hadi akafuta machozi, lakini baba mdogo aliona nimemvunjia heshima marehemu.

Cheo hicho, hata hivyo, hakikuumaliza ubishi. Hadithi ya Sudan si ya kupuuzwa, kwani mji huu ulikuwa na familia kama hizo. Bayume Mohamed Husen, aliyekwenda Berlin mwaka 1929 kudai malimbikizo ya mishahara ya kijeshi, yake na ya baba yake, na baadaye akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944, alizaliwa hapa mwaka 1904 na baba yake alikuwa askari Msudani. Lakini vyeo vile walipewa pia askari wa makabila ya bara, hasa Wanyamwezi na Wasukuma. Na Tabora nayo ilikuwa na mtego wake: Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, askari wake Waafrika walipelekwa kuzuiliwa Tabora kabla ya kuruhusiwa kwenda makwao. Mtu angeweza kabisa "kutoka Tabora" bila ya kuwa mwenyeji wa huko.

Nilitegemea kulikuta jina lake katika orodha ya askari. Nilipata kibali cha kusoma katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako majalada ya enzi ya Wajerumani yanatambulishwa kwa herufi G, na siku mbili za kwanza ziliishia katika kujifunza mwandiko wao wa mkono wa zamani, ambao hata Mjerumani wa leo huutolea jasho. Nilikuta barua nyingi za utawala, lakini askari wangu sikumwona. Baadaye nilisoma kwamba nyaraka nyingi za kijeshi za Ujerumani ziliteketea katika mabomu yaliyoipiga Potsdam, mji wa Ujerumani zilikohifadhiwa, mwezi Aprili 1945.

Ushahidi ulikuwa nyumbani. Shangazi alikumbuka kwamba siku ya mazishi ya babu, majirani Wazaramo walikalia kaburi wakakataa jeneza lisishushwe mpaka walipwe, wakimtukana marehemu kwa mzaha kama watani wanavyofanya. Utani wa Wazaramo ni na Wanyamwezi, na watani hawakosei mtu wao. Wiki iliyofuata tulifungua sanduku la bibi, na chini ya kanga tukakuta stakabadhi ya kodi ya kiwanja cha Kariakoo, ya miaka ya 1920, mtaa ambao jina lake nalo lilitokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Karani alikuwa ameandika Ombasha, kisha jina la kuzaliwa la mzee, jina la baba yake, na neno "Mnyamwezi".

Majina hayo mawili siyataji hapa, kwa kuwa baadhi ya ndugu hawajaridhia. Nimeyaandika juu kabisa ya karatasi ya ukoo niliyoibandika sebuleni kwa shangazi, na chini yake kuna watoto, wajukuu, vitukuu, na vilembwe ambao ndio wanaanza shule. Baba mdogo amekuja kuiona mara mbili. Bado anasema Sudan, ila mara ya pili aliomba kalamu akaongeza jina la mjukuu wake aliyezaliwa mwezi uliopita, na kwenye nafasi ya jina la ukoo akaandika Ombasha.