Nilivyolimudu somo la vimelea kwa kuanzia kwenye ugonjwa

Somo la vimelea vya binadamu linatisha kwa wingi wa majina. Kuna minyoo mviringo, minyoo bapa, tegu, protozoa wa damu na protozoa wa utumbo, na kila mmoja ana jina lake la Kilatini, mdudu anayemsambaza, sampuli yake na dawa yake. Mimi nililimudu kwa kuanzia upande wa mgonjwa. Kwa kila kimelea nilijiuliza swali moja kabla ya jingine lolote: ni hatua ipi ya maisha yake inayomuumiza mtu, na hatua hiyo imekaa wapi mwilini? Nikishapata jibu, dalili, kipimo, dawa na kinga vilijipanga vyenyewe. Jina nililihifadhi mwisho.

Kichocho ndicho kilichonionyesha nguvu ya swali hilo. Minyoo wakubwa wa kichocho, ambao daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona Cairo mwaka 1851 alipokuwa akichunguza maiti, wanaishi ndani ya mishipa ya damu. Dume humkumbatia jike kwenye mfereji ulio mwilini mwake, na wawili hao wanaweza kukaa hivyo miaka mingi. Madhara makubwa yanatokana na mayai. Yai linatakiwa lipenye ukuta wa mshipa, kisha ukuta wa kibofu au wa utumbo, ndipo litoke nje. Mengi hayafiki. Yanayonasa njiani huzingirwa na chembe za kinga, uvimbe mdogo unajengeka kulizunguka kila moja, na baadaye kovu.

Ukishalishika hilo, aina mbili kuu za kichocho huna haja ya kuzikariri. Schistosoma haematobium anakaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, kwa hiyo mgonjwa anakojoa damu, kibofu kinakakamaa kwa makovu, mirija ya mkojo inaziba na figo zinaumia. Baada ya miaka, saratani ya kibofu inaweza kufuata. Schistosoma mansoni anakaa kwenye mishipa ya utumbo, na damu ya huko hupita kwenye ini. Mayai yanasombwa hadi ini, makovu yanabana njia ya damu, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, mishipa ya umio inatanuka mpaka mgonjwa anaweza kutapika damu. Mdudu ni wa ukoo mmoja, ila magonjwa ni mawili tofauti kabisa, kwa sababu tu ya mahali yai linaponasa. Nilipoliona hilo nililipenda somo hili, na mpaka leo nalipenda.

Maabara ndiko nilikoyaamini maandishi. Tulizungusha mkojo kwenye sentrifuji, tukamwaga maji ya juu, tukachukua tone la masalia ya chini na kuliweka kwenye slaidi. Kwa lenzi ndogo tu, ile ya kukuza mara 10, yai la S. haematobium linaonekana wazi: refu, gamba jembamba linalong'aa, mwiba mfupi umechomoza nchani. La S. mansoni lina mwiba mkubwa ubavuni. Yai nililolitazama lilikuwa hai, na ndani yake mirasidia, kiluwiluwi wa kwanza wa kichocho, alikuwa akitetemesha vinyweleo vyake. Tuliongeza maji baridi yasiyo na chumvi, na baada ya muda gamba likapasuka, kile kiumbe kikatoka na kuogelea kwa kasi hata sikuweza kukifuata kwa kusogeza slaidi. Maji matamu ndiyo ishara yake kwamba ametoka mwilini. Kuanzia hapo anatafuta konokono: Bulinus kwa haematobium, Biomphalaria kwa mansoni. Ndani ya konokono, mirasidia mmoja huzaa maelfu ya serkaria, na hao ndio wanaotoboa ngozi ya mtu aliyeingia majini.

Mwalimu wetu wa maabara alikuwa na kanuni moja ambayo naishukuru sana. Ukimwita uje umwonyeshe ulichokiona, alikuwa akisema, "Usinipe jina. Niambie umeona nini." Ilibidi umtajie ukubwa, umbo, unene wa gamba, rangi na kilichomo ndani. "Mwalimu, lina urefu wa kama maikromita 60, gamba moja jembamba, ndani kuna seli nne zilizogawanyika na nafasi wazi kuzizunguka." Hapo ndipo anakuuliza linaweza kuwa nini, nawe unajikuta umeshajibu: yai la minyoo ya safura. Yai la Ascaris, mnyoo mviringo mkubwa wa utumbo, lina gamba nene lenye mikunjo, limepakwa rangi ya kahawia na nyongo. La Trichuris, mnyoo mjeledi, lina vizibo viwili vinavyong'aa, kimoja kila mwisho. Mazoea haya ya kueleza kabla ya kutaja yanakinga mtu na mapovu ya hewa, chavua na nyuzi za mimea, vitu ambavyo macho yenye haraka huvigeuza kuwa minyoo.

Malaria niliipa muda mrefu kuliko vyote, na inastahili. Aina tano za Plasmodium humpata binadamu: falciparum, vivax, ovale, malariae na knowlesi. Nilipouliza swali langu juu ya falciparum, jibu lilieleza karibu kila kitu kuhusu ukali wake. Kimelea kinapokomaa ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinapeleka protini kwenye uso wa chembe hiyo, na chembe inaanza kunata kwenye kuta za mishipa midogo. Zikinata kwenye ubongo, mgonjwa anapoteza fahamu. Zikijazana kwenye kondo la nyuma, mama anapungukiwa damu na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Kwa kuwa vimelea vilivyokomaa vimejificha huko, damu ya kidole mara nyingi inaonyesha vimelea vichanga vyenye umbo la pete peke yake, pengine na gametosaiti, yaani vimelea vya kiume na vya kike ambavyo mbu huvichukua, zenye umbo la hilali. Kwa sababu hiyo slaidi yenye vimelea vichache inaweza kuwa ya mgonjwa aliye hatarini. Jambo hilo ningependa kila anayesoma majibu ya malaria alijue.

Vivax ina tabia yake. Huingia kwenye chembe nyekundu changa, na chembe yenye kimelea huonekana imevimba kuliko jirani zake. Baadhi ya vimelea hubaki vimelala ndani ya ini, vikaamka wiki au miezi baadaye, na homa ikarudi bila mtu kuumwa na mbu mwingine. Dawa inayosafisha damu haivifikii. Inahitajika primakwini au dawa ya jamii yake, na kabla ya kuitoa hupimwa kimeng'enya cha G6PD, maana kwa mwenye upungufu wake dawa hiyo inaweza kupasua chembe nyekundu.

Kusoma slaidi ya malaria ni ufundi wa mkono na jicho. Tone nene halikazwi kwa pombe, hivyo maji yaliyo kwenye rangi ya Giemsa yanapasua chembe nyekundu na kuacha vimelea vimerundikana pamoja. Hapo unatafuta kama vipo. Tone jembamba linakazwa kwa methanoli ili chembe zibaki nzima, na hapo unatambua ni aina gani. Maji ya kuchanganyia rangi yawe na pH 7.2, la sivyo rangi hazitatofautiana vizuri. Kwenye tone nene nilijizoeza kutafuta vitu viwili kwa pamoja, nukta nyekundu ya kiini na utepe wa buluu pembeni yake. Nukta peke yake haitoshi, maana chembe sahani na masalia ya rangi hudanganya sana. Na huandiki kwamba hakuna vimelea mpaka umepitia walau maeneo 100 ya hadubini kwa lenzi ya mafuta.

Ninapochoka na slaidi humkumbuka Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine, Algeria. Tarehe 6 Novemba 1880 alikuwa akitazama damu mbichi isiyopakwa rangi yoyote, akaona nyuzi zinachapachapa kutoka kwenye kijiumbe cha mviringo. Akajua ni kiumbe hai. Alikuwa akitazama mbegu za kiume za kimelea zikitoka kwenye gametosaiti, jambo ambalo kwa kawaida hutokea tumboni mwa mbu. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, akakiona kimelea ndani ya mbu, na mzunguko ukaanza kukamilika.

Baada ya mahali, nilijifunza kuuliza saa. Mikrofilaria, yaani watoto wadogo sana wa minyoo, wa Wuchereria bancrofti, kimelea cha matende na mabusha, hujaa kwenye damu ya pembeni usiku, kati ya saa 4 na saa 8 katika sehemu nyingi duniani, wakati mbu wanaowabeba wanauma. Mchana wamejificha kwenye mishipa ya mapafu. Ukichukua damu saa 5 asubuhi utaandika hakuna, na mgonjwa anao. Loa loa, mnyoo wa jicho, anayesambazwa na nzi wanaouma mchana anaonekana mchana. Mkojo wa kichocho hukusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Enterobius jike, mnyoo mdogo wa utumbo, hutoka usiku kutaga kuzunguka tundu la haja kubwa, kwa hiyo kipimo chake ni utepe wa gundi unaobandikwa asubuhi kabla mtoto hajaoga. Na kwa kipimo cha Kato-Katz, kinachotumia miligramu 41.7 za choo, mayai ya safura lazima yasomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Gliserini huyafuta machoni, wakati yale ya Ascaris bado yapo. Nilibandika saa hizi zote juu ya meza yangu.

Kwa kuchora nilitumia karatasi kubwa. Katikati naweka mwili wa mtu, kisha mstari wa kila kimelea: kinaingilia wapi, kinapita wapi, kinatulia wapi, kinatokea wapi. Mstari wa Ascaris ulinishangaza, maana yai linamezwa, lava, yaani mnyoo mchanga, anatoboa utumbo, anafika mapafuni, anapanda koo, anamezwa tena, ndipo anakomaa kwenye utumbo uleule alioutoroka. Kikohozi cha mapema kinaeleweka hapo. Mstari wa Strongyloides, mnyoo mwingine mdogo wa utumbo, unajirudia ndani ya mtu bila kutoka, kwa hiyo maambukizi yanaweza kudumu miongo, na mtu huyo akipewa dawa za steroidi minyoo wanaweza kuzaana kupita kiasi na kumuua. Amiba niliimaliza upesi: sisti (amiba iliyojifunga ndani ya gamba) ya Entamoeba histolytica ina viini visivyozidi vinne, ya Entamoeba coli iliyokomaa ina vinane, na mwenye kuhara damu unatafuta amiba iliyomeza chembe nyekundu.

Sehemu iliyonihitaji utulivu zaidi ni pale kimelea kinapoumiza kwa kufa. Onchocerca volvulus, anayesambazwa na usubi wa kwenye mito iendayo kasi, huzaa mikrofilaria wanaotembea ngozini na machoni. Wanapokufa mwili hupambana na mizoga yao, na mapambano hayo yakirudiarudia jicho linapofuka. Ivamektini, iliyowapatia William Campbell na Satoshi Ōmura sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2015, inawaondoa mikrofilaria lakini minyoo wakubwa wanabaki hai, hivyo hutolewa tena na tena kwa miaka. Na mtu huyohuyo akiwa pia na Loa loa wengi mno kwenye damu, dozi ileile inaweza kuwaua kwa mkupuo na kumletea madhara makali ya ubongo. Ndiyo sababu sehemu zenye vimelea vyote viwili hupimwa kwanza.

Tegu wa nguruwe, Taenia solium, ana njia mbili ambazo nilizichora kwa rangi tofauti kabisa. Mtu akila nyama yenye vifuko isiyoiva vizuri, anapata tegu mzima utumboni, na kwa kawaida haumwi sana. Akimeza mayai, yanayotoka kwenye choo cha mwenye tegu, lava hutoboa utumbo, huenda na damu na kujenga vifuko kwenye misuli, macho na ubongo. Vifuko vya ubongo ni chanzo kikubwa cha kifafa katika sehemu ambazo tegu huyu yupo. Mtu asiyekula kabisa nyama ya nguruwe anaweza kuvipata, akitayarishiwa chakula na mwenye tegu asiyenawa mikono. Nililieleza hilo kwa kila aliyekubali kunisikiliza, kwa sababu wenye kifafa wamebebeshwa lawama nyingi zisizo zao.

Kifuko kilicho hai kinaweza kukaa ubongoni miaka bila dalili, na degedege mara nyingi huanza kinapoanza kufa na tishu zinazokizunguka kuvimba. Prazikwanteli inayotolewa kumwondoa tegu tumboni inaweza kuviamsha vifuko ambavyo hakuna aliyejua vipo. Kwa mwenye vifuko ubongoni, daktari huanza na picha ya kichwa, hutoa dawa ya minyoo ikiambatana na steroidi za kutuliza uvimbe na dawa za kuzuia degedege, na vifuko vilivyokwisha kufa na kugeuka chokaa havipewi dawa ya minyoo.