Siku Moja Maishani Mwangu: Mchambuzi wa Hukumu

Wanaoniona nimekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima hudhani ninalipwa kutoa maoni. Kazi yangu katika ofisi hii ya mawakili jijini Dar es Salaam ni kusoma hukumu, kueleza zimebadili nini, na kufuatilia kama zile za zamani zingali na nguvu; maoni huja mwisho, nafasi ikibaki.

Saa 12 asubuhi nimesimama ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara, na saa 2 nimeshafungua TanzLII, tovuti ambako hukumu za mahakama zetu huwekwa. Huanza kusoma kutoka mwisho, kwenye amri, kwa sababu jaji anaweza kumhurumia mdai kurasa nyingi na bado akalitupa shauri kwa kasoro ya hati ya kiapo.

Saa 4 nilikuwa naandika makala kuhusu shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, vinakiuka Katiba; Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Mhariri wetu alitaka kichwa kisemacho ndoa za utotoni zimefutwa. Nilikataa, kwa kuwa Mahakama Kuu ilimwelekeza Mwanasheria Mkuu wa Serikali arekebishe sheria ndani ya mwaka mmoja, na hata baada ya rufaa kushindwa, miaka ilipita vifungu vikiwa vilevile.

Saa 5 akaingia mzee mwenye bahasha ya kaki na simu mkononi. Mpwa wake, wakala wa kutuma na kupokea pesa, yuko mahabusu kwa mashtaka yakiwemo ya utakatishaji fedha, yaani kuficha asili ya pesa haramu, na kila baada ya wiki mbili familia huambiwa kuwa upelelezi haujakamilika.

“Mwanangu, sheria ya kunyima dhamana imefutwa. Soma mwenyewe,” alisema, akinisogezea ujumbe wa WhatsApp.

Ujumbe haukuwa wa uongo, ila ulikuwa umekufa. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichozuia dhamana kwa makosa kama utakatishaji fedha, ni kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Nilimweleza. Akaniuliza kama majaji wa kwanza walikuwa wanaota. Nikamweleza kuwa ibara ya 15 ya Katiba inaruhusu mtu kunyimwa uhuru kwa utaratibu uliowekwa na sheria, naye akauliza ni utaratibu gani usiomruhusu hakimu hata kumsikiliza mshtakiwa kuhusu dhamana. Hapo sikuwa na jibu zuri, maana hoja hiyo ndiyo inayonifanya nione kuwa Mahakama Kuu ilikuwa na mantiki bora zaidi. Lakini mantiki yangu haifungui lango la gereza. Tukarudia yaleyale, yeye akipandisha sauti, mimi nikimwita mzee wangu kwa subira iliyokuwa ikipungua, hadi chai yangu ikapoa na wakili mwandamizi akachungulia mlangoni mara kadhaa.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Nilikula wali maharage nikiwa nasoma rufaa ya ardhi, nikaitwa kutafuta uamuzi uliohitajika mahakamani alasiri hiyohiyo, nikarudi kwenye makala ya Gyumi macho yakiwa yanawasha.

Jioni wakili alikubali kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka, akiomba shtaka la utakatishaji lipitiwe upya, kwa kuwa likiondolewa, mashtaka yatakayobaki huenda yakadhaminika. Nikafungua bahasha ili nianze kuandaa barua. Kulikuwa na picha za pasipoti, barua ya mtendaji wa kata na risiti za nauli. Hati ya mashtaka haikuwemo. Nikampigia mzee, naye akasema ataileta kesho, pamoja na ujumbe mwingine aliotumiwa mchana.