Tulivofunga mwamba wa pweza mara ya pili, maana ile ya kwanza ilitushinda

Mara ya kwanza tulipofunga mwamba, yani kukataza watu wasivue pweza pale kwa miezi mitatu, mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa shangazi yangu. Ilikuwa saa tano usiku, maji yametoka, vijana wa doria wakaniletea mpaka mlangoni, kavaa tochi kichwani, kanga kajifunga kiunoni imelowa mpaka magotini, mkononi ana ndoo ya rangi na ndani pweza watatu ambao hata mmoja hafiki nusu kilo. Na mimi ndo katibu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, daftari la faini linalala kwangu. Nikamwamkia shikamoo kwanza, maana hata kama mtu mzima umemkamata huwezi kuacha kumwamkia. Akaitika marahaba, akaweka ndoo chini, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hebu nambie, mmefunga mwamba au mmenifunga mie?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika faini kwenye daftari kama sheria ndogo ilivosema, hakulipa, wala mimi sikuthubutu kumdai, na asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba katibu kamwandikia faini dada wa baba yake kwa pweza watatu. Nilichekwa wiki mbili.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Kijiji chetu kiko kusini ya Tanga mjini, njia ya Pangani, sitakitaja kwasababu hela za watu zimo humu. Wanaume wengi wanavua kwa madema, ile mitego ya kusuka, na mishipi na nyavu, wengi wao sio wenye vyombo, wanavulia chombo cha tajiri, yani samaki wakiuzwa inatolewa kwanza petroli, barafu na mafuta ya mashine, alafu fungu la chombo, fungu la nyavu, kinachobaki ndo wanagawana mabaharia. Siku nyingine baba anarudi na kitoweo tu, hela hamna. Kwaiyo unga wa nyumba, sabuni, daftari la mtoto, mara nyingi vinatoka kwa mama, na mama hela yake iko mwambani. Bamvua likifika maji yanatoka mbali, mwamba unabaki wazi, wanawake wanatembea na kinondo chao, yani kijiti cha kuchokolea, wanachokoa pweza, wanauza hapohapo pwani, jioni jiko linawaka. Ukiniambia wavuvi maskini mi nawaona hao kwanza kabla sijamuona mwenye ngalawa.

Sasa pweza walikuwa wanapungua na wanakuwa wadogo. Sisi wa Tanga tumeteswa sana na mabomu, wakubwa wote mnakumbuka, mtu anarusha baruti samaki wanaelea na matumbawe yanabaki kifusi. Serikali ilipokaza kuanzia 2015 na kuendelea yale mabomu yakapungua kwa kweli, tukadhani shida imekwisha. Kumbe watu tuko wengi na kila mtu anaokota alichokikuta, hata kapweza ka viganja viwili. Kanuni za uvuvi za 2009 zinakataza pweza chini ya nusu kilo, ila nani anapima? Mchuuzi ananunua kwa fungu, anaangalia kwa macho, anakupa bei anayotaka yeye.

Wazo la kufunga sio letu. Wazee wanakumbuka miamba ilishawahi kufungwa huku enzi za ule mradi wa ukanda wa pwani Tanga ulioanza 1994 ukaisha 2007. Na hili la kufunga kwa ajili ya pweza tu, kwa miezi michache alafu unafungua, lilijulikana sana kutoka Madagaska, kijiji kinaitwa Andavadoaka, walianza 2004, baadae likaja huku kwetu Afrika Mashariki. Linafanya kazi kwasababu ya pweza mwenyewe alivo. Pweza anakua haraka mno, akiwa mdogo unaweza kumuacha mwezi ukamkuta kashazidi uzito kama mara mbili, na maisha yake mafupi, mwaka au zaidi kidogo. Huyo jike akishataga anakaa pangoni analinda mayai, hali kitu, yakianguliwa na yeye anakufa. Samaki kama chewa ukimtaka mkubwa unasubiri miaka, ila pweza unamsubiri miezi mitatu tu. Mie niliposikia hivo semina nikaona hii kazi rahisi, tunafunga, tunasubiri, tunavuna.

Hee.

Kosa la kwanza, na hili naona aibu kulisema, mkutano mkuu wa kijiji wa kupitisha kufunga tuliupanga saa tatu asubuhi siku ya bamvua. Wachokoaji wote walikuwa wapi? Mwambani. Waliokuja ni wanaume wa madema ambao mwamba ule hauwahusu sana, wakanyoosha mikono wote, wakanywa soda, tukaandika muhtasari kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja. Kosa la pili tulifunga mwamba wote, hatukuacha hata pa kupumulia. La tatu hatukwenda kuzungumza na kijiji jirani, ambao wanatumia mwamba uleule tangu babu na babu, wao wakasikia tu kwamba kuna maboya ya madumu yamewekwa baharini.

Lakini lililotumaliza ni siku ya kufungua. Tulitangaza msikitini na kwenye magenge, kila mtu akajua tarehe. Sasa huku kwetu bamvua maji yanajaa usiku kuamkia alfajiri na kupwa inakuwa kama saa nne asubuhi. Mwanamke wa kinondo lazima angoje maji yatoke. Mzamiaji mwenye miwani, viatu vya mpira na mkuki hangoji kitu, yeye maji yakiwa mengi ndo kwake. Kwaiyo saa kumi na mbili vyombo vilishafika, vingine vya mbali hata hatuvijui, vijana wamezama, wamesafisha mapango yote, na akina mama walipokanyaga mwamba saa nne wakakuta matundu matupu na wino. Shangazi alipita mbele yangu na ndoo tupu, hakusema neno. Miezi mitatu amelala njaa ili mtu wa mbali aje avune. Afadhali angenitukana.

Tulivofika hapo wengi wakasema haya mambo basi. Mwenyekiti alitaka kujiuzulu. Mie nilichofanya, sio kwa akili nyingi ni kwa aibu, nilienda kwa shangazi kipindi cha maji mafu, bahari haitoki mbali, wakati ambao hakuna anaekwenda mwambani, nikamkuta uani na wenzake wanasuka ukili. Nikakaa. Nikasuka na mimi, vibaya, wakanicheka. Alafu nikawauliza kama nyie ndo mngekuwa mnafunga mngefungaje.

Jamani. Yale maneno niliyoyapata siku ile semina zote hazikuwa nayo. Wanajua mwamba tundu kwa tundu, pango hili lina mwenyewe kila bamvua, ukimtoa huyu baada ya siku kadhaa kaingia mwingine, wanalijua kwa yale maganda ya chaza na vijiwe anavyovipanga mlangoni. Wakasema usifunge mwamba mkubwa wa karibu, huo ndo wa vikongwe na wajawazito, wasioweza kwenda mbali. Funga ule wa kusini, una mapango mengi na unaonekana vizuri kutoka dikoni, pale samaki wanaposhushwa, mwizi hajifichi. Na mufunge wakati wa kusi, mwisho wa Juni, mufungue bamvua kubwa la mwezi wa tisa, maana kusi upepo mkali hata hivo na ule wa mbali hatuendi sana. Bibi mmoja akaongeza, "Na siku ya kufungua, wenye miwani wakae nchi kavu mpaka maji yajae tena." Hiyo ndo ikawa kanuni yetu kubwa, kupwa ya kwanza ni ya wenye miguu, wazamiaji wanaingia maji yakijaa.

Kwenye mkutano, safari hii tukaufanya maji mafu baada ya alasiri, hiyo kanuni ilileta vita. Kijana mmoja akasimama akasema bahari haina mwenyewe. Shangazi akamjibu palepale, "Kweli baba, haina mwenyewe, ila njaa ina mwenyewe." Watu walicheka, kura ikapita. Sio wote walioridhia, wapo ambao mpaka leo hawanisalimii vizuri.

Njaa ya miezi mitatu tuliishughulikia na kikoba. Tulikubaliana kila mama anaechokoa ule mwamba wa kusini, awe na hisa au hana, anakopeshwa kidogo kidogo kila bamvua bila riba, atalipa siku ya kufungua. Hapa wenye hisa waligoma, mmoja akauliza hela yangu ikaliwe na pweza wa ndotoni? Swali la haki kabisa. Tukapunguza kiwango, tukaweka na dhamana ya watu watano watano. Hazikuwa hela za maana, ni unga na mafuta ya taa, lakini ilitosha mtu asilazimike kwenda na tochi usiku.

Kwa majirani tulienda watatu, tumebeba kashata, tukanywa nao kahawa barazani mpaka usiku kabla ya kutaja pweza. Wao sharti lao lilikuwa wanawake wao waingie siku ileile na wetu, na doria iwe ya vijiji viwili. Tukakubali, ikaandikwa, mihuri ya vijiji vyote ikagongwa. Mambo ya sheria ndogo sitayarefusha, inaanzia halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, alafu inakwenda wilayani ipitishwe na madiwani ndo iwe na nguvu, anza mapema maana utapanda bodaboda sana. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inazitambua BMU, ila kutambuliwa hakukupi petroli. Boti ya doria tulikuwa nayo na mashine yake, ikashinda imefunikwa turubai. Tulichofanya tukawapangia zamu wale wa madema, wao alfajiri wanapita hapohapo kwenda kutega, wakiona kitu wanapiga simu. Mchana mwamba unaonekana kutoka dikoni, kila anaepaa samaki pale ni mlinzi. Maboya mawili yaliibiwa. Juya moja, wavu wa kukokota, liliingia usiku, tukalikuta limeshatoka.

Wiki moja kabla ya kufungua tukamuita wakala anaenunulia kiwanda. Tukamwambia utanunua kwa kilo, bei tunakubaliana leo, na mzani tunao. Huo mzani wa kuning'iniza tuliuazima kwa muuza nyama. Siku yenyewe akaja na wa kwake, tukapima pweza mmoja kwenye mizani yote miwili, wa kwake ukasoma pungufu robo kilo. Pweza yuleyule! Hakubisha, akasema labda spring imechoka, akaurudisha kwenye gari. Nikafikiria miaka yote tuliyouza kwa macho nikanyamaza.

Kufungua kulikuwa hivi. Wanawake wamekaa mchangani tangu saa mbili, ndoo mbele, vinondo vimelazwa. Wazamiaji wamekaa upande wa pili wanatafuna mihogo wanalalamika. Maji yanatoka, yanatoka, mwenyekiti akapuliza firimbi. Mwanamke wa kwanza kutoa pweza alipiga kigelegele mpaka huku nchi kavu tukasikia. Sio wote walikuwa wakubwa, nisidanganye, ila wa kilo mbili na wa kilo tatu walikuwepo, ambao miaka hatujawaona, na wa chini ya nusu kilo walirudishwa pangoni mbele ya macho yangu na watu wenyewe bila kuambiwa. Shangazi alirudi na wanne, mmoja kamng'ang'ania mkono mpaka kwenye kiwiko, anamng'oa mkia mmoja anashika na mwingine, huku anacheka na kumtukana.

Akapima, akahesabiwa hela, akalipa kikoba. Alafu akaja kwangu mezani akasema fungua daftari la mwaka ule. Nikajifanya sielewi. Akafunua mwenyewe, akaweka kidole kwenye jina lake, akalipa faini ya pweza watatu yote. Nikamwambia shangazi acha basi, yamepita. Akasema, "Andika risiti." Nikaandika. Akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga na zile noti.

Tumeshafunga mara mbili nyingine tangu hapo. Mara moja ilikuwa nzuri, mara moja ya kawaida, mvua zilizidi na maji yalichafuka. Kila kilo tunakata mia tano ya doria, sasa boti angalau inatoka. Kijana wa bahari haina mwenyewe ndo kiongozi wa zamu ya wazamiaji. Ugomvi wa sasa hivi ni kwamba wengine wanataka tufunge miezi sita ili pweza wawe wakubwa zaidi, na mie nakataa, kwasababu jike ukimuacha mno anataga, anakufa pangoni, hujamla wewe wala hajakulipia daftari la mtoto. Wao wanasema akitaga si ndo vizuri, watoto watarudi. Na wao wana hoja. Kikao ni Jumamosi baada ya alasiri, nimeshaangalia kalenda, ni maji mafu.