Miaka Sita ya Pengo

Nilipokuwa ninaandika wasifu wangu mwaka jana, rafiki yangu mmoja alinishauri nilizibe pengo la miaka sita kwa kudai kwamba nilikuwa mshauri binafsi wa ujenzi. Nilikataa, na wala si kwa uadilifu mkubwa, bali kwa kuwa sikujua ningejibu nini endapo ningeulizwa nilimshauri nani. Niliandika ukweli: kwamba baada ya mradi wa barabara niliokuwa nikiusimamia kukwama na mkandarasi kutupunguza kazini, nilizunguka na bahasha ya kaki kwa miaka miwili, kisha nikafyatua matofali ya saruji huko Kibada, Kigamboni, kwa miaka minne.

Kurudi kulianza na mambo ya makaratasi, yaani kulipa malimbikizo ya ada Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kujisomea usiku Eurocode 2, yaani kanuni za Ulaya za usanifu wa zege, kwa sababu BS 8110, kanuni ya Uingereza tuliyokaririshwa chuoni, iliondolewa rasmi huko tangu 2010. Hayo yalinichosha tu, hayakunitisha.

Kilichonitisha ni swali moja la usaili. Mzee aliyekaa katikati aliusoma wasifu wangu, akavua miwani, akauliza: "Mfuko mmoja wa saruji ulikuwa unakupa tofali ngapi?" Nilijibu kwamba nilianza na thelathini, na kodi ya kiwanja iliponibana nikafika arobaini na tano. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, na wiki mbili baadaye nikapigiwa simu.

Sasa ni mhandisi msaidizi wa saiti, chini ya binti wa miaka ishirini na tisa anayeniita "mzee wangu" na ambaye, nakiri, anaijua programu ya usanifu kuliko nitakavyowahi kuijua. Wiki ya tatu alisafiri, akaniachia umwagaji wa zege la ghorofa ya kwanza. Gari la kwanza lilifika saa saba mchana. Nikalowesha koni ya kupimia ulaini wa zege, nikaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka nikilishindilia mara ishirini na tano kwa fimbo ya chuma, nikainyanyua taratibu. Michoro ilitaka zege lishuke milimita 75 koni ikishaondolewa, na tofauti ya 25 juu au chini ilikubalika. Lile lilitawanyika kama uji, nikapima 170.

"Injinia, foleni ilikuwa kubwa, nimeongeza maji kidogo tu lisigande," dereva alisema, na mafundi wote wakanigeukia, kwa kuwa siku yao ya malipo ilitegemea jibu langu.

Mahesabu yalikuwa bado kichwani, na mkono ulikuwa haujasahau koni. Kilichokuwa kimepungua ni ule uzoefu wa kusema hapana mbele ya watu wenye haraka. Nilimwelewa dereva kupita kiasi, maana yale maji yake na zile tofali zangu kumi na tano za ziada vilikuwa kitu kimoja: vyote vilipunguza nguvu. Nilisaini karatasi ya kulikataa zege, gari likarudi na mzigo wake.

Gari jingine lilifika saa kumi na moja jioni, zege lake likashuka 80, tukamwaga kwa taa hadi saa nne usiku. Vipande vya majaribio tulivyovitoa bado vimo kwenye tangi la maji. Alhamisi vinatimiza siku 28, umri wa kupimwa nguvu, nami ndiye nitakayevipeleka maabara.