Nilivyofunga hoja ya ukaguzi kwenye AS/400 yetu

Hoja ya mkaguzi wa nje ilikuwa fupi: mtambo unaendeshwa kwa kiwango cha usalama cha 30 badala ya 40, na wenye mamlaka ya ALLOBJ ni wengi mno. Mimi ndiye mkaguzi wa ndani wa taasisi yetu inayotunza akiba za wanachama, hapa Moshi mjini. Nikapewa miezi mitatu niifunge.

AS/400 ni mtambo wa IBM uliotoka mwaka 1988. Leo mfumo wake unaitwa IBM i. Mwenye ALLOBJ anafungua kila faili, iwe ya mishahara au ya akiba za wanachama. Kwetu walikuwa kumi na mmoja, akiwemo karani aliyekwishastaafu. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo sikuweza kulifumbia macho.

Nilianza na jepesi. Amri ya ANZDFTPWD inakutolea watumiaji ambao nywila yao ni jina lilelile la kuingilia. Watano. Tukazibadilisha siku hiyohiyo.

Ugumu ulikuwa kwenye kiwango. Kuandika 40 kwenye QSECURITY, mpangilio unaobeba kiwango cha usalama, ni kazi ya dakika moja, kisha unauzima mtambo na kuuwasha upya. Ila 40 inakataa mengi ambayo 30 inayaruhusu, na hesabu za siku zisipofungwa usiku, asubuhi wanachama wanajaa kaunta bila huduma. Fundi wetu, mzee aliyeulea mtambo ule miaka mingi, hofu yake ilikuwa hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunizimia mtambo?"

"Hapana mzee. Mwezi mzima hatugusi kitu. Tunausikiliza tu."

Akakubali. Kwa amri ya CHGSECAUD tukafungua jarida la ukaguzi, QAUDJRN, tukaliagiza liandike kila kitendo kinachovunja masharti ya ruhusa (AUTFAIL) na ya programu (PGMFAIL). Ukiwa kwenye 30, jarida hilo linakuonyesha mapema yatakayokwama ukipanda 40. Kila asubuhi nilikuwa nalisoma kabla ya chai.

Wiki ya pili nikaona mstari unaojirudia kila siku saa mbili usiku: AF (kosa la ruhusa), aina ya J. Maana yake mtu ametuma kazi kupitia JOBD, yaani faili la maelekezo ya kazi, lililoandikwa jina la mtumiaji mwingine ambaye yeye hana ruhusa ya kumtumia. Tukalifungua. Jina lilikuwa la yule karani mstaafu! Akaunti yake ilikuwa imefungwa tangu aondoke, na sote tuliamini imekufa. Kumbe kuifunga akaunti kunazuia mtu kuingia tu. Kazi za usiku ziliendelea kupita kwa jina lake, na ALLOBJ yake juu. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kutumia JOBD ile angeweza kutuma kazi yoyote kwa mamlaka hayo. Siku ile nilikosa usingizi.

Mzee ndiye aliyelitibu. Alitengeneza akaunti ya kufungia hesabu isiyo na nywila kabisa, asiweze mtu kuingia nayo, akaipa mafaili inayoyahitaji na si zaidi. Mwendeshaji wa zamu ya usiku akapewa ruhusa ya kuitumia. Baada ya hapo mstari wa J ukatoweka.

Tukapanda 40 Jumamosi saa tano usiku, jenereta ikiwa tayari. Jumapili tukaendesha ufungaji wa majaribio, ukapita.

Wenye ALLOBJ sasa ni wawili. Nywila ya QSECOFR, akaunti kuu ya usalama ya mtambo, imo kwenye bahasha yenye lakiri ndani ya sefu, na anayeifungua anasaini daftari. Jarida nalo, kila Ijumaa nakala yake inatoka nje ya mtambo na kutunzwa na idara yangu, kwa sababu mwenye ALLOBJ anaweza kufuta hata kumbukumbu zinazomhusu yeye mwenyewe. Hilo mzee alilipendekeza mwenyewe, huku akijua kuwa mmoja wa wale wawili ni yeye.